Kwa nini penzi moja kwenye filamu linaingia moyoni na jingine linapita kama upepo?

#1 Zuhura_B

Habari za muda huu wakuu.

Jana usiku nimemaliza tamthilia moja ya sehemu nane. Jina naliacha, kwa sababu wapo humu wanaoipenda na sitaki kuwakwaza. Sehemu ya tano wapenzi wakabusiana mvuani. Muziki ukapanda, kamera ikawazunguka, dada wa watu machozi na mvua vimechanganyika. Mimi nimekaa nasubiri moyo ushtuke. Kimya. Nikajikuta natazama viatu vya yule kaka, nawaza maji yanavyoviharibu.

Leo nikarudia Before Sunset, ile ya 2004. Dakika themanini, watu wawili waliokutana mara moja tu ujanani wanazunguka Paris wanaongea, basi. Karibu na mwisho wamekaa kiti cha nyuma cha gari, mwanaume ametazama pembeni, anaeleza jinsi maisha yake yasivyomkalia sawa. Mwanamke ananyoosha mkono taratibu, anataka kumgusa kichwa. Kabla mkono haujafika, mwanaume anageuka, na mkono unarudi haraka kama wa mtoto aliyekutwa kabatini. Ni sekunde chache tu. Nilishika kifua.

Sasa nauliza: penzi la kwenye skrini linajengwaje mpaka mtu ukaliamini? Mimi nadhani ni pale tunapoona mmoja anamwona mwenzake kweli, kisha anafanya jambo dogo kwa sababu ya alichokiona. Ila sijaridhika na jibu langu mwenyewe, ndiyo maana nimelileta hapa.

#2 Nahodha wa Kochi

Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

#3 Mzee wa Mikanda

Binti yangu Zuhura, jibu ni fupi: muda. Mapenzi ni kama ukuta, tofali linawekwa, linaachwa likauke, linawekwa jingine. Waandishi wa sasa wanapaka rangi kabla ukuta haujasimama. Sehemu ya pili wameshalala pamoja, ya tatu wameachana, ya nne wamerudiana, na wewe hujajua hata mmoja wao anaogopa nini.

Tazama When Harry Met Sally ya 1989. Hadithi inachukua miaka kumi na miwili. Mwanzo hawapendani kabisa, wanakutana tena baada ya miaka, wanakuwa marafiki, wanapigiana simu usiku kila mmoja kitandani kwake wanatazama filamu moja. Ukifika mwisho unaona ni jambo lililoiva lenyewe, hakuna aliyelazimisha.

#4 Kipepeo88

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo nakataa. Titanic je? Meli ile iliondoka Southampton tarehe 10 Aprili 1912, ikazama usiku wa kuamkia tarehe 15. Wale wawili penzi lao lote halifiki hata siku tano, na filamu ya 1997 ililiza dunia nzima. Na hiyo Before Sunset ya Zuhura ina filamu iliyoitangulia, ya 1995, ambayo ni mchana mmoja na usiku mmoja tu Vienna. Kama jibu ni muda, hizo zingekufa mapema.

#5 Mzee wa Mikanda

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, ila tusichanganye mambo mawili. Kuna muda wa kwenye hadithi na kuna muda tunaokaa nao sisi watazamaji. Titanic ni zaidi ya saa tatu. Siku tano zao tumezikalia saa tatu, tumewaona wanafundishana hata kutema mate! Ninachokilalamikia mimi ni hadithi ya miezi sita inayorukwa kwa picha za haraka haraka na wimbo juu yake, wanacheka ufukweni, wanapikiana, wanarushiana mito, halafu tunaambiwa tayari wanapendana. Mimi sijaalikwa kwenye hiyo miezi sita, nitaliaje wakiachana?

#6 Lulu ya Jioni

Mzee nakuheshimu sana, lakini picha za haraka zenye muziki juu yake ndiyo sini iliyoniliza kuliko zote maishani. Katuni ya Up, 2009. Dakika kama nne hivi, hakuna anayesema neno, ndoa nzima kuanzia harusi mpaka mazishi.

Nimeirudia mara nyingi nikitafuta inafanyaje. Nilichokiona ni tai. Mke anamfunga mumewe tai. Tai moja, ya pili, ya tatu, rangi zinabadilika, miaka inapita, mikono ni ileile mpaka nywele zinakuwa nyeupe. Na lile gudulia la akiba ya safari yao: kila likijaa kidogo, gari linaharibika, mguu unavunjika, mti unaangukia paa, wanalivunja. Hakuna anayemlaumu mwenzake. Wanaanza kuweka upya.

Kwa hiyo kama zile picha za ufukweni hazikugusi, kosa si kwamba ni za haraka. Ni kwamba kucheka ufukweni kila mtu anaweza kucheka. Ile tai ni ya wale wawili tu.

#7 Nahodha wa Kochi

"Ile tai ni ya wale wawili tu." Hiyo naondoka nayo.

#8 Mkata Picha

Naomba niongee kama fundi, kwa sababu kazi yangu ni kuhariri video na haya mambo nayaona kwa ndani.

Mnaongelea hadithi, mnaongelea maneno. Sehemu kubwa ya penzi la kwenye skrini inazaliwa mezani kwa mhariri. Zamani, karibu karne moja iliyopita, Mrusi mmoja anaitwa Lev Kuleshov alifanya jaribio. Alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, picha ileile isiyoonyesha kitu chochote, akaiunganisha na sahani ya supu, kisha na maiti ndani ya jeneza, kisha na mwanamke aliyejilaza. Watazamaji wakasifia uigizaji: ameona njaa, ameona huzuni, ameona tamaa. Uso haukubadilika hata kidogo. Walichobadilishiwa ni kilichofuata.

Yangu mwenyewe sasa. Niliwahi kupewa kazi fupi, vijana wawili wanatakiwa waonekane wameanza kupendana. Siku ya kupiga picha walikuwa wamechoka, hawatazamani, kila mmoja anatazama alama yake ukutani. Sini ilikuwa imekufa. Nikatafuta kwenye mabaki na kukuta dada amemtazama mwenzake wakati mwongozaji ameshasema kata, alikuwa anasubiri tu kuambiwa waendelee au warudie. Nikalichukua lile jicho, nikaliweka baada ya maneno ya kaka, nikaliacha likae nusu sekunde zaidi ya inavyohitajika. Hiyo ni fremu kumi na mbili tu. Mteja alipoona akasema, "Huyu dada anampenda kweli." Nilinyamaza.

Ile nusu sekunde ndiyo kila kitu. Ukikata mapema, mtu ametazama. Ukichelewa kidogo, mtu ameshindwa kuacha kutazama.

#9 Salome Mtambuzi

Mkata Picha, asante kwa darasa, lakini unakata kile kilichopo. Kama waigizaji hawana kemia, ule mvuto kati yao, hata ukiacha dakika nzima ni bure. Na kemia haidanganyi: wanaoigiza vizuri mapenzi ni wale wanaopendana kweli. Hyun Bin na Son Ye-jin walivyocheza Crash Landing on You, ile tamthilia ya Korea ya sehemu kumi na sita, sisi tuliona kabisa. Machi 2022 wakaoana. Tulikuwa tunajua!

#10 Msomi Huru

Salome dada yangu, umechukua mfano mmoja uliokubeba. Nenda upande wa pili. Dirty Dancing ya 1987, Patrick Swayze na Jennifer Grey. Walishacheza pamoja filamu nyingine miaka michache nyuma na hawakuelewana, na humu pia waligombana. Ile sini ya mazoezi, mwanaume anamshusha vidole kwenye mkono ulioinuliwa na mwanamke anashindwa kujizuia kucheka? Kicheko kile kilikuwa cha kweli, na kero ya mwanaume usoni ilikuwa ya kweli. Wakaiacha ndani. Leo watu wanaitaja kama kilele cha mahaba.

The Notebook ya 2004 vilevile. Mwongozaji wake amesimulia hadharani kwamba Ryan Gosling wakati wa kazi alitaka aletewe mwigizaji mwingine wa kusoma naye maneno badala ya mwenzake Rachel McAdams. Baadaye kweli wakaja kuwa wapenzi, lakini sini zile zilipigwa wakiwa paka na panya.

Kwa hiyo kemia si kupendana. Ni watu wawili wasioweza kupuuzana. Hata kero ni aina ya kutopuuza.

#11 Salome Mtambuzi

Haya, nimekubali nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

#12 Kipepeo88

Niongeze juu ya Msomi. Past Lives ya 2023, mwongozaji Celine Song aliwazuia wale wanaume wawili, Teo Yoo na John Magaro, wasikutane kabisa mpaka siku wahusika wao wanapokutana mbele ya kamera. Na Teo Yoo na Greta Lee aliwaambia wasigusane kabla ya sini yao ya kukumbatiana. Ukiitazama ile sini unaona mikono haijui pa kukaa. Hakuna aliyewafundisha vile. Hapo mwongozaji amejenga mazingira, mwili ukafanya wenyewe.

#13 Bakari wa Pwani ya Pili

Mmezunguka mbali. Jibu ni kizuizi. Toa kizuizi, penzi linakuwa habari njema tu, na habari njema haina hadithi.

In the Mood for Love, 2000. Hong Kong, 1962, majirani wawili wanagundua kwamba mume wa huyu na mke wa yule wana uhusiano. Wao wenyewe wanaanza kupendana na wanajikataza, wanasema hawatakuwa kama wale. Filamu nzima unangoja. Nyuso za wale wasaliti hatuonyeshwi hata mara moja. Tunaonyeshwa korido nyembamba, wanapishana, bega linakaribia bega, basi.

Hata sheria ilisaidia. Zamani Marekani kulikuwa na sheria ya serikali kwamba busu lisizidi sekunde tatu. Alfred Hitchcock kwenye Notorious ya 1946 akawafanya Cary Grant na Ingrid Bergman wabusiane kidogo, waachie, waongee habari za chakula cha jioni huku nyuso zimegusana, wabusiane tena, watembee kutoka roshani mpaka kwenye simu wakiwa wameshikana, mpaka mlangoni. Dakika mbili na nusu hivi. Hakuna busu hata moja lililovunja sheria, na hakuna aliyewahi kuona kitu cha moto kama kile wakati huo. Kizuizi ndicho kilichozaa.

#14 Msomi Huru

Mkuu Bakari, hoja nzuri, ila rekebisha hapo: haikuwa sheria ya serikali. Ilikuwa ni kanuni za studio zenyewe, walijiwekea ili serikali na makundi ya dini wasiwaingilie. Zilianza kusimamiwa kwa ukali 1934, na 1968 zikaachwa, ukaja mfumo wa kupanga filamu kwa umri wa mtazamaji.

#15 Bakari wa Pwani ya Pili

Nimepokea, shukrani. Lakini hoja yangu imesimama palepale.

#16 Lulu ya Jioni

Imesimama kwa mguu mmoja, kaka Bakari. Vizuizi vimejaa kila tamthilia na bado hatulii. Nimechoka na kile kizuizi cha kupandikiza: dada amemwona kaka anamkumbatia mwanamke mgeni, anakimbia analia, sehemu nne zinapita, kumbe ni dada yake wa tumbo moja. Simu moja tu ingemaliza kila kitu! Kile ni kisiki cha barabarani, mwandishi amekiweka usiku akakiondoa asubuhi. Wapenzi hawakujifunza chochote kwa kukiruka.

Kizuizi chenye maana ni kile mtu alichozaliwa nacho au alichojijengea ndani. Pride & Prejudice ile ya 2005. Kinachomzuia Darcy, yule tajiri anayempenda Elizabeth, ni Darcy mwenyewe. Ile sini Elizabeth anaondoka kwenye nyumba ya Netherfield, Darcy anamshika mkono kumpandisha garini, anaachia bila neno, anageuka anatembea, na kamera inashuka kwenye ule mkono wake: vidole vinatanuka, kama vimeungua. Yeye mwenyewe bado hajakubali kichwani. Mkono umeshajua.

Na baadaye, alipokataliwa, habembelezi. Anakwenda kuokoa jina la familia yake Elizabeth kimyakimya na hataki ajue. Hapo narudi kwa Zuhura #1: ameona, akafanya kitu. Penzi lenye maneno matamu tupu mimi huwa nashindwa kulitofautisha na tangazo la biashara.

#17 Nahodha wa Kochi

Mikono, mikono, mikono. Zuhura mkono, Lulu mkono, Kipepeo mkono. Mtu ahesabu mikono ya uzi huu.

#18 Zuhura_B

Nahodha umenifumbua macho hapo. Na kweli, busu la ile tamthilia yangu lilikuwa la uso tupu. Sikumbuki mikono yao ilikuwa wapi.

#19 Bakari wa Pwani ya Pili

Na hii ndiyo inathibitisha kizuizi. Wakishapatana, hadithi inakufa. Moonlighting ya Bruce Willis na Cybill Shepherd, walikuwa wanabishana tangu 1985, 1987 wakalala pamoja, tamthilia ikaporomoka. Mpaka leo waandishi wanaiogopa hiyo laana.

#20 Mzee wa Mikanda

Hiyo nilikuwa naifuatilia, kijana, na laana hiyo inasingiziwa. Baada ya pale wale wawili walikuwa hawaonekani pamoja kabisa. Shepherd alikuwa mjamzito wa mapacha, Willis alikwenda kupiga filamu ya Die Hard, 1988 waandishi wakagoma, sehemu zikawa zinachelewa kutoka. Watu walikuwa wanafungulia televisheni wanawakosa. Kupatana kwao hakukuua kitu. Kutokuwa nao sebuleni ndiko kuliua.

Mfano wa kupinga huu hapa: Jim na Pam wa The Office ya Marekani. Walibusiana mwisho wa msimu wa pili, msimu wa nne walikuwa pamoja, wa sita wakaoana, na hadithi ikaenda misimu tisa. Nilichokipenda, baada ya kuoana waliendelea kuwa na jambo la kufanya pamoja. Walikuwa na siri zao na vitimbi vyao pale ofisini.

#21 Kalamu Nyeusi

Naandika miswada ya filamu fupi, nimekaa kimya nasoma tangu #1.

Nitasema kilichonipata. Niliandika hadithi ya mwalimu wa muziki na fundi wa piano. Kurasa ishirini za mwanzo hawajakutana. Tunamwona fundi nyumbani kwake, anamlea mdogo wake, anaogopa kwamba sikio lake moja linaanza kupoteza sauti za juu, na hajamwambia mtu. Mtayarishaji akasema kurasa hizo zinachelewesha mapenzi, akazikata zote. Filamu ikaanza wanapogongana mlangoni, vitabu vinaanguka, wanainama pamoja kuokota. Mnaijua.

Kwenye muswada wangu kulikuwa na sini ambapo mwalimu anabonyeza noti za juu kabisa za piano moja moja, polepole, na fundi anatikisa kichwa "iko sawa, iko sawa", na mwalimu anaendelea kubonyeza noti ileile aliyokwishaibonyeza, anamtazama, anaelewa. Hasemi. Anahama upande wa pili wa piano, anaanza kumweleza kila noti kwa maneno. Sini hii ilibaki kwenye filamu. Lakini kwa kuwa kurasa ishirini zilikatwa, hakuna mtazamaji aliyejua kwamba fundi ana siri, na sini ikawa ya watu wawili wanaobonyeza piano kwa muda mrefu bila sababu. Nilikaa safu ya nyuma siku ya kuonyeshwa. Watu walitoa simu zao mifukoni.

Kwa hiyo Zuhura, umesema mmoja amwone mwenzake. Naongeza: lazima kuwe na kitu cha kuonwa. Kila mmoja awe na maisha yake, hofu yake, kazi yake, hata siku ambayo mwenzake hayupo. Mtu anayesubiri tu kupendwa hana cha kuonwa. Na Mkata Picha, nusu sekunde yako ni dhahabu, lakini kwangu ile nusu sekunde ilikuwepo. Hapakuwa na kitu chini yake.

#22 Mkata Picha

Kalamu, pole sana. Nimeiona ile sini yako kichwani na ningeikata vizuri mno. Nakubali kwamba siwezi kuhariri siri ambayo haijapandwa.

Ila nikubishie kidogo. In the Mood for Love ya Bakari: mle ndani tunajua nini kuhusu maisha ya wale wawili? Mwanaume mwandishi wa gazeti, mwanamke karani ofisini. Kidogo mno. Na bado koo linakauka. Hapo si maisha yao yanayonishika, ni namna wanavyofichwa: wanaonekana kupitia mlango, kupitia kioo, nyuma ya pazia, kana kwamba sisi ndio majirani wanaochungulia.

#23 Bakari wa Pwani ya Pili

Na wanavyoigiza wenzi wao! Wanafanya mazoezi ya jinsi ule uhusiano wa wasaliti ulivyoanza, nani alimtongoza nani, kisha wanajikuta maneno ya kuigiza yamekuwa yao. Wanafanya hata mazoezi ya kuagana. Mwanamke analia kweli kwenye mazoezi. Mimi pale sina maelezo tena, ya kizuizi wala ya nini.

#24 Mama Sakina

Wanangu habari zenu. Mimi si mtu wa kuandika sana, naomba mnivumilie.

Kuna filamu ya kale, Brief Encounter, ya 1945. Mama mwenye mume na daktari mwenye mke wanakutana stesheni ya treni, wanapendana, wanaamua kuachana. Dakika zao za mwisho wamekaa kwenye mkahawa wa stesheni, hawana la kusema kwa sababu kila neno ni zito. Anaingia mwanamke anayemfahamu yule mama, anakaa mezani kwao, anaanza kupiga soga. Anaongea, anaongea. Treni ya daktari inatangazwa. Hawawezi kuagana mbele yake. Daktari anasimama, na akipita anaweka mkono kwenye bega la yule mama, anabonyeza kidogo, anaondoka. Basi. Mwanamke yule anaendelea kuongea.

Marehemu mume wangu, siku yake ya mwisho, chumbani palikuwa na mgeni. Mtu mwema, alikuja kutusalimu kwa nia njema kabisa, na alikuwa anasimulia safari yake. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa miguu. Mume wangu aligusa mguu wangu kwa mguu wake, chini ya shuka, mara mbili. Nilijua anasema nini. Mgeni hakukatisha hadithi. Alipoondoka, mume wangu alikuwa amelala na hakuamka tena.

Nilikuja kuiona ile filamu miaka mitatu baadaye na ilibidi niizime nikapumzike. Kwa hiyo mnapouliza penzi la filamu linajengwaje, mimi naona nusu wanaijenga wao na nusu tunakuja nayo sisi. Kabla ya kufiwa, pengine ningeona ni filamu ya watu wanaokunywa chai.

#25 Kipepeo88

Mama, pole sana. Asante kwa kutuamini na hili.

#26 Mzee wa Mikanda

Pole mama Sakina. Mungu ampumzishe.

#27 Lulu ya Jioni

Nimesoma mara mbili. Mara mbili, chini ya shuka. Pole mama yangu.

#28 Msomi Huru

Pole sana mama. Nimekaa na ulichosema na kinanisumbua kwa namna nzuri. Kama nusu tunakuja nayo sisi, basi kuna filamu nilizozidharau nikiwa na miaka ishirini ambazo sikuwa na haki ya kuzihukumu. Ila hapohapo: watu wa umri wote, wenye maisha tofauti kabisa, wanalia palepale kwenye Up. Kuna kitu filamu inafanya yenyewe, bila kutungoja.

#29 Jirani Asiyelala

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Nyinyi mnaoangalia tamthilia zilizotiwa sauti ya lugha nyingine, penzi linabaki? Mimi nikiangalia yenye sauti ya kutafsiriwa naona kama watu wanatangaza taarifa ya habari. Nikirudisha sauti zao wenyewe, hata nisipoelewa neno, mwili unasisimka.

#30 Salome Mtambuzi

Umegusa penyewe. Ni pumzi. Anayetia sauti anasoma maneno, ile pumzi ya kabla ya neno inapotea. Mtu akimpenda mtu huwa anavuta pumzi kabla ya kumwita jina. Hii ndiyo ile nusu yangu niliyobaki nayo, #11.

#31 Jirani Asiyelala

Ila nimewahi kukuta moja iliyotiwa sauti vizuri mpaka nikasahau. Kwa hiyo pengine ni watu tu.

#32 Zuhura_B

Wakuu nimerudi. Jana nilifanya kazi mliyonituma bila kujua. Nilirudia ile tamthilia yangu sehemu ya kwanza mpaka ya tano, daftari mkononi.

Kwanza niliangalia lile busu bila sauti, kwa ajili ya Mkata Picha. Mikono: ya kaka iko kwenye mashavu ya dada, ya dada inaning'inia. Inaning'inia tu muda wote, mvua inadondokea vidoleni.

Pili, kwa ajili ya Kalamu, nilihesabu maswali. Sehemu tano nzima, kaka amemuuliza dada maswali saba. Matano kati yake ni "Uko sawa?" Moja ni "Unakwenda wapi?" Moja ni "Kwa nini hukuniambia?" Hakuna mahali amemuuliza kitu kwa sababu anataka tu kukijua. Dada ni daktari wa wanyama, tunaonyeshwa kliniki yake mara nne, na kaka hajawahi kuuliza jina la mnyama hata mmoja.

Halafu nikakuta kitu sikukitegemea. Sehemu ya tatu, sini fupi ambayo sikuikumbuka kabisa, dada na mama yake wapo garini. Mama anaendesha. Dada anasinzia. Mama anashusha kioo cha jua upande wa binti yake bila kuondoa macho barabarani. Nikasimamisha picha. Penzi lote la tamthilia ile lilikuwa pale, kwa watu ambao hadithi haikuwahusu.

#33 Kalamu Nyeusi

"Hajawahi kuuliza jina la mnyama hata mmoja." Naliandika hilo na kulibandika juu ya meza yangu.

#34 Mkata Picha

Zuhura, ile ya mama inawezekana haikuandikwa. Mwigizaji mzoefu amekaa na binti wa watu kwenye gari lenye jua, akafanya tu. Na mhariri akaona akaiacha. Ningependa kumjua huyo mhariri.

#35 Kalamu Nyeusi

Au iliandikwa, mkuu. Wapo waandishi wanaoficha mambo kama hayo kwenye muswada wakijua mtayarishaji hawezi kuyaona.

#36 Bakari wa Pwani ya Pili

Na mikono ya dada inayoning'inia? Kuna mtu amefikiria kwamba pengine huyo dada hampendi, na tamthilia inajua, na sehemu ya nane itakuwa ilituambia? Zuhura, mwisho wanaishia vipi?

#37 Zuhura_B

Wanaoana, kaka.

#38 Bakari wa Pwani ya Pili

Basi nimetulia.

#39 Mzee wa Mikanda

Binti Zuhura, nimeitafuta ile Before Sunset. Kabla yake nikaanza na ile ya 1995 kama alivyodokeza Kipepeo, kisha nikaifuata hii. Mkono nimeuona, pale garini. Nimerudisha nyuma mara tatu, na mara ya tatu nikamwita mama watoto aje aone, naye akakaa tukaitazama mpaka mwisho.

Bado nasema ni muda. Ule mkono umesafiri miaka tisa, tangu ile filamu ya kwanza, ndipo ukafika karibu na kile kichwa.

#40 Lulu ya Jioni

Na haukugusa, mzee wangu.